Asilimia ya Nani? Safari ya Takwimu za Maoni, kutoka Tume ya Nyalali hadi Redio za Ndalambo

Septemba 22, 2015, zikiwa zimebaki takriban wiki tano Watanzania wapige kura, taasisi ya Twaweza ilitangaza matokeo ya utafiti wake wa maoni. John Magufuli wa CCM alikuwa na asilimia 65. Edward Lowassa wa CHADEMA, aliyeungwa mkono na vyama vya muungano wa upinzani wa UKAWA, alikuwa na asilimia 25. Takwimu hizo mbili zilitawala habari, zikazunguka kwenye simu, zikabishaniwa vijiweni na kwenye mabasi. Upande mmoja ulizishangilia kana kwamba kura zimekwisha kuhesabiwa. Upande wa pili ulizikataa na kuziita njama.

Ndalambo ni miongoni mwa mahali ambako habari ya namna hiyo hufika ikiwa imepukutika. Ni eneo la wakulima wa mahindi na maharage katika Wilaya ya Momba, nje ya mji wa mpakani wa Tunduma, katika nchi ya Wanyamwanga wenye ndugu zao ng'ambo ya pili, Zambia. Wakati huo Momba ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka uliofuata. Gazeti la Dar es Salaam haliwafikii wengi huko likiwa karatasi. Linawafikia kwa sauti, katika kipindi cha asubuhi cha kusoma magazeti redioni. Mtangazaji husoma kichwa cha habari, akibahatika kuwa na muda huongeza aya ya kwanza, kisha anashika gazeti jingine. Kwa hiyo kinachofika ni "65 kwa 25", basi.

Yaliyoachwa njiani yalikuwa mazito kuliko yaliyofika. Twaweza iliwahoji watu 1,848, kwa simu, kati ya Agosti 19 na Septemba 7, na Tanzania Bara tu. Zanzibar haikuwamo. Kwa sensa ya 2012, Bara ilikuwa na watu takriban milioni 43.6, na Momba, Tunduma ikiwa ndani yake, ilikuwa na watu takriban 197,000. Ukiwagawa wale wahojiwa 1,848 kwa uwiano huo, Momba nzima inaangukiwa na watu wanane. Kata moja kama Ndalambo huenda isipate hata mmoja. Mwezi uliofuata, wapiga kura wa Jimbo la Momba walimchagua David Silinde kuwa mbunge wao, na wale wa Tunduma wakamchagua Frank Mwakajoka, wote wawili wa CHADEMA. Takwimu ya taifa haikuwa imesema lolote kuhusu watu hawa, wala haikukusudiwa kusema. Lakini nani aliwaambia hivyo?

Hilo ndilo deni la vyombo vya habari ninalotaka kulifuatilia hapa tangu lilipoanza. Katika nchi yetu, takwimu za maoni zimetuumiza mara chache kwa sababu watafiti walikosea kuhesabu. Mara nyingi zaidi zimetuumiza kwa sababu waliozisimulia hawakusema ni asilimia ya nani.

Kabla ya takwimu

Kwa miongo mingi maoni ya wananchi yalifika kwenye magazeti kama barua. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa wasomaji waliojua kuandika na waliokuwa na senti za stempu. Kwa jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Marco Surveys, yenye makao Nairobi, ilikuwa tayari ikiendesha tafiti za maoni kwa kutumia maswali na sampuli. Lakini kwetu, baada ya uhuru, mfumo wa chama kimoja ulijenga njia yake: balozi wa nyumba kumi, tawi, wilaya, mkoa, Halmashauri Kuu. Maoni yalipanda ngazi hadi juu, na kila ngazi ilichuja.

Asilimia zilizosikika redioni enzi hizo zilikuwa za kura ya "ndiyo" au "hapana" kwa mgombea mmoja wa urais. Tangu 1965 hadi 1990, zilikuwa zaidi ya 90. Hapo ndipo sikio la taifa lilipofunzwa kusikia asilimia kama hukumu ya mwisho, kitu kilichokwisha kuamuliwa. Sikio halikufunzwa kuisikia asilimia kama makadirio yenye mipaka na tarehe ya kuisha nguvu. Wahariri wengi walilelewa na sikio hilohilo.

Themanini kwa ishirini

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa siasa. Tume ilizunguka nchi na kusikiliza makumi ya maelfu ya watu. Matokeo yake yakaingia katika lugha ya kila siku: asilimia 80 walitaka chama kimoja, asilimia 20 walitaka vyama vingi. Hadi leo mzee akitaka kueleza jinsi vyama vingi vilivyokuja, huanzia hapo.

Takwimu halisi zilikuwa takriban 77 na takriban 21. Kuzizungusha ziwe 80 na 20 ni kosa dogo. Kosa kubwa limo katika mambo mawili ambayo simulizi liliyaacha. La kwanza, wengi wa wale waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, kwa hiyo waliotaka mabadiliko ya aina moja au nyingine walikuwa wengi nchini. Hoja hiyo ilikuwa miongoni mwa nguzo za pendekezo la Tume la kuruhusu vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Asiyeambiwa hayo hubaki akiamini kwamba wachache walishinda kimiujiza, au kwamba wengi walidharauliwa.

La pili, ule haukuwa utafiti wa maoni. Tume iliitisha mikutano, na aliyetaka kusema alisema. Anayekuja mkutanoni na kusimama mbele ya viongozi wa kijiji si sawa na aliyebaki shambani, wala na mwanamke aliyekuja akanyamaza kwa kuwa wazee walikuwa hawajamaliza kuongea. Ukihesabu waliosema, umewahesabu waliosema. Kuwageuza kuwa "Watanzania" kunahitaji ushahidi mwingine.

Gunia na bambo

Mnunuzi mzoefu wa mahindi Tunduma hafungui gunia lote. Huchoma kwa bambo juu, kati na chini, kila upande, akatazama punje zilizotoka. Akichoma juu tu, muuzaji mjanja amemweza. Utafiti wa maoni ni kazi hiyohiyo: ukubwa wa sampuli una maana, lakini mahali unapochoma ndipo penye maana zaidi.

Dunia ilijifunza somo hili kwa aibu mwaka 1936. Jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi milioni 10 kwa watu waliopatikana hasa kupitia orodha za simu na za wenye magari, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Katika mdororo ule wa uchumi, wenye simu na magari walikuwa tabaka la juu la gunia. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mno kuliko ile, alimtabiri mshindi. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Gallup na wenzake kukosea: waliacha kuhoji mapema, wapiga kura wakabadilika siku za mwisho, na gazeti la Chicago Daily Tribune likachapa kwamba mgombea Dewey amemshinda Rais Truman. Truman alipigwa picha akiliinua gazeti hilo, akicheka.

Somo la kwanza linahusu nani alihojiwa, la pili linahusu lini. Mhariri wa Kiswahili anayechapisha leo matokeo ya kura za WhatsApp, za Facebook au za ujumbe mfupi unaotumwa kituoni, akaandika "wananchi wasema", amerudi palepale alipokuwa Literary Digest. Wanaopiga kura hizo wamejichagua wenyewe, na mtu mmoja anaweza kupiga mara kumi. Wingi wao hauponyi kasoro hiyo.

Chuo Kikuu na uchaguzi wa 2010

Baada ya mageuzi ya 1992, watafiti wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa REDET, ambao ulikuja kujulikana kwa tafiti zake za maoni. Kuanzia 2001, Afrobarometer nayo ilianza kuhoji Watanzania ana kwa ana, baadaye ikishirikiana na taasisi ya REPOA ya Dar es Salaam. Afrobarometer ina swali ambalo kila mwandishi anapaswa kulijua. Mwishoni mwa mahojiano, mhojiwa huulizwa anadhani nani amewatuma wanaomhoji, na wengi hujibu: serikali. Anayedhani anaongea na serikali huchagua maneno. Jibu hilo peke yake linatosha kumfanya mwandishi apunguze sauti anapotangaza asilimia za kumsifu kiongozi.

Mwaka 2010 REDET ilitoa utafiti uliompa Rais Jakaya Kikwete wa CCM zaidi ya asilimia 71 na Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA takriban 12. Kampuni ya Synovate ilimpa Kikwete 61 na Slaa 16. Sanduku lilisema takriban 62.8 kwa Kikwete na 27 kwa Slaa. Kwa Kikwete, Synovate ilikuwa karibu sana. Kwa Slaa, wote wawili walikuwa mbali. Hasira za wapinzani zikawaelekea watafiti, na jina la REDET likapata doa.

Kuna jambo ambalo habari za baada ya uchaguzi hazikulipa nafasi ya kutosha. Kati ya watu takriban milioni 20 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa takriban asilimia 43. Utafiti huuliza watu wote wazima wanampenda nani. Uchaguzi huhesabu wale tu walioamka, wakaacha shamba au duka, wakapanga foleni. Makundi hayo mawili hayakuwa sawa mwaka 2010. Mwandishi angeuliza "je, umeamua kwenda kupiga kura?" na kutenganisha majibu, pengine msomaji angeona hata kabla ya siku yenyewe kwamba wafuasi wa Slaa walikuwa na hamu zaidi ya kwenda kituoni.

Warioba, Kikwete na swali la kigawanyo

Darasa bora kabisa la kusoma asilimia lililowahi kutolewa nchini mwetu lilifanyika Dodoma, Machi 2014. Jaji Joseph Warioba, mwenyekiti wa Tume iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba mpya, aliliambia Bunge Maalumu la Katiba kwamba, kwa waliotoa maoni kuhusu muundo wa Muungano, asilimia 61 ya watu wa Bara walitaka serikali tatu. Zanzibar, asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Siku chache baadaye Rais Kikwete alisimama katika Bunge hilohilo akazigeuza takwimu. Waliotoa maoni kwa Tume walikuwa 351,664, alisema, na waliozungumzia muundo wa Muungano walikuwa 47,820 tu, sawa na asilimia 13.6. Kwa hesabu yake, asilimia 86.4 hawakuona muundo kuwa tatizo.

Nani alisema kweli? Hesabu za wote wawili zilikuwa sahihi, kwa kuwa kila mmoja aligawa kwa kigawanyo chake. Warioba alihesabu waliozungumzia muundo. Kikwete alihesabu waliozungumzia jambo lolote, kisha akaupa ukimya maana ya kuridhika. Lakini mtu aliyekwenda kuzungumzia ardhi au maji hakukubali wala kukataa serikali tatu. Hakuulizwa. Na idadi zote mbili zilikuwa za waliojitokeza wenyewe, kama enzi za Nyalali. Hakuna hata moja iliyoweza kubeba neno "Watanzania".

Habari nyingi zilimpa kila mzee kichwa chake: leo asilimia 61, kesho asilimia 86. Msikilizaji wa Momba alibaki kuchagua anayempenda kati ya wawili, ilhali alistahili kupewa sentensi moja tu: wanagawa kwa idadi tofauti. Ni hesabu ya darasa la sita. Kuifanya hadharani, mbele ya msomaji, ndiyo kazi ya mwandishi.

Mafuriko na simu

Tangu 1995, mgombea urais wa upinzani Augustino Mrema alipokuwa akivuta watu wasiohesabika, magazeti yetu yamekuwa na kipimo kingine cha maoni: picha ya mkutano. Mrema alipata takriban asilimia 28, Benjamin Mkapa wa CCM takriban 62. Miaka 20 baadaye kipimo kilirudi kwa jina jipya, "mafuriko" ya Lowassa, na kila gazeti likashindana kuonyesha nyomi. Umati hupima hamu, uwezo wa kukodi magari, na umaarufu wa wasanii waliopanda jukwaani. Mpiga picha akishika kamera chini, uwanja unajaa. Akipanda juu, unapungua. Hakuna gazeti linaloandika chini ya picha kwamba nusu ya waliopo hawajajiandikisha au wana umri wa kucheza gololi.

Ukilinganisha na mafuriko, mradi wa Twaweza wa Sauti za Wananchi ulikuwa hatua kubwa mbele. Wahojiwa walipatikana kwanza kwa kutembelewa katika kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha wakapewa simu na chaja za nguvu ya jua, ili hata kijiji kisicho na umeme kiwe ndani ya gunia. Kasoro ya Literary Digest ilikuwa imefikiriwa na kushughulikiwa.

Hata hivyo Magufuli alipata asilimia 58.46, wala si 65. Lowassa alipata 39.97, pointi 15 juu ya alichopewa. Ipsos, iliyotoa utafiti wake Septemba hiyohiyo, ilikuwa imewapa 62 na 31. Na asasi ya TADIP ilikuwa imemweka Lowassa mbele kwa zaidi ya nusu ya wahojiwa wake. Tuangalie kwa karibu.

Sampuli ya watu 1,848 ina kiwango cha makosa cha takriban pointi 2.3 juu au chini. Pengo la pointi 15 haliwezi kuelezwa na bahati ya sampuli. Kuna sababu nyingine. Mojawapo ni wakati: Lowassa alihamia CHADEMA mwishoni mwa Julai, kampeni zilifunguliwa Agosti 22, na mahojiano yakaisha Septemba 7, takriban wiki saba kabla ya kura. Nyingine inaweza kuwa woga wa kumtaja mpinzani mbele ya sauti usiyoijua simuni. Kiwango cha makosa kinachochapishwa hakijumuishi hata moja kati ya sababu hizi, na mwandishi anayekitaja bila kusema hivyo anampa msomaji uhakika ambao haupo.

Na wale watu wanane wa Momba? Ukijaribu kusoma maoni ya wilaya kutoka kwao, kiwango cha makosa kinafika takriban pointi 35 juu au chini. Yaani hujui kitu. Kila mara gazeti linapochukua utafiti wa taifa na kuandika "Nyanda za Juu Kusini wamkataa fulani", msomaji aulize kwanza ni watu wangapi walihojiwa huko.

Majirani na gharama ya kuamini

Kenya ilitangulia kwa wingi wa tafiti, na ikatangulia kwa maumivu. Kwa miezi kadhaa ya 2007, mgombea wa upinzani Raila Odinga aliongoza katika tafiti nyingi, lakini kufikia uchaguzi wa Desemba pengo lake na Rais Mwai Kibaki lilikuwa jembamba kiasi cha kumezwa na kiwango cha makosa. Habari ziliendelea kusema "anaongoza". Tume ya uchaguzi ilipomtangaza Kibaki kwa tofauti ya kura takriban 230,000, mamilioni walikuwa wameingia katika siku hiyo wakiwa na uhakika, kila upande na wake. Sababu za ghasia zilizofuata zilikuwa nyingi na za zamani, kuanzia ardhi hadi hesabu yenyewe ya kura, na watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilihitimisha kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Utafiti wa watu waliokuwa wakitoka vituoni, uliofadhiliwa kupitia taasisi ya Marekani ya International Republican Institute, ulifichwa kwa miezi. Ulipotolewa Agosti 2008, ulimweka Raila mbele kwa takriban 46 dhidi ya 40. Kuchapisha vibaya kuna madhara. Kuficha nako kuna madhara.

Kenya ilijibu kwa sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi. Anayechapisha lazima aeleze nani amefadhili, nani amefanya, wahojiwa wangapi, lini, kwa maswali gani na kwa kiwango gani cha makosa. Siku tano za mwisho kabla ya kura, kuchapisha ni marufuku. Sheria haikuponya kila kitu. Mwanzoni mwa Agosti 2022 Ipsos ilimpa Raila 47 na William Ruto 41. Jumlisha: ni 88. Katika asilimia 12 zilizobaki walikuwemo wasioamua, waliokataa kusema na wafuasi wa wagombea wadogo. Zilitosha kugeuza kila kitu, na habari nyingi ziliwapa nafasi ndogo mno. Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85.

Miaka ya kimya

Kwetu, mkondo ulikwenda upande mwingine. Julai 2018 Twaweza ilitangaza kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Siku chache baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliiandikia taasisi hiyo ikihoji kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na Idara ya Uhamiaji. Septemba mwaka huo Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa kutoa takwimu zinazopotosha au kudhoofisha takwimu rasmi, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani. Juni 2019 vifungu hivyo vikalegezwa.

Lakini woga haufutwi kwa marekebisho. Utafiti huru ukinyamaza, uwanja unabaki kwa uvumi, kwa picha za nyomi na kwa takwimu za kubuni zinazozunguka kwenye makundi ya simu zikiwa na nembo za kuigiza. Utafiti wenye kasoro zinazojulikana unaweza kuhojiwa kwa hoja. Uvumi hauna wa kumhoji. Vyombo vya habari vilivyokuwa vimetumia tafiti kama silaha za vyama vilichangia kimya hicho, kwa sababu viliwazoesha wananchi kuamini kwamba kila asilimia ina mwenyewe. Siku watafiti walipobanwa, ni wachache waliojitokeza kuwatetea.

Namna ya kuandika

Turudi kwenye Septemba 2015 tujaribu upya. Kichwa cha mazoea kingesema Magufuli amemwacha Lowassa mbali. Aya ya kwanza iliyotimiza wajibu wake ingesomeka hivi: "Utafiti wa Twaweza uliofanywa kwa simu kati ya Agosti 19 na Septemba 7, kampeni zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, umeonyesha kuwa kati ya watu 1,848 waliohojiwa Tanzania Bara, asilimia 65 wangempigia kura Magufuli na asilimia 25 Lowassa, kama uchaguzi ungefanyika wakati huo. Zanzibar haikuhusishwa, na utafiti hauonyeshi hali ya wilaya mojamoja." Mtangazaji akiisoma aya hiyo redioni haimalizi nusu dakika. Msikilizaji wa Ndalambo angekuwa na kila alichohitaji ili asidanganyike wala asidharau.

Kanuni zinazotokana na historia hii hazihitaji shahada ya takwimu. Taja aliyefanya utafiti na aliyelipa. Taja idadi ya waliohojiwa, mahali, njia na tarehe. Andika swali kama lilivyoulizwa, kwa maneno yake. Usifiche wasioamua wala waliokataa kujibu, wape asilimia yao katika sentensi ileile. Pengo likiwa dogo kuliko takriban mara mbili ya kiwango cha makosa, andika kwamba hakuna anayeonekana kuongoza. Eleza kwamba utafiti unaeleza siku zilizopita na hautabiri siku ya kura. Weka utafiti mmoja kando ya tafiti nyingine, hasa zinazopingana nao. Usichote asilimia ya mkoa au wilaya kutoka sampuli ya taifa. Kura za mtandaoni usiziite utafiti. Na baada ya uchaguzi, rudi umweleze msomaji nani alikuwa karibu, nani alikuwa mbali, na kwa nini, kwa sababu hapo ndipo imani hujengwa.

Masharti haya yakae katika aya ya kwanza. Yakiwekwa kwenye aya ya tisa, yatasomwa na msomi wa Dar es Salaam peke yake, na redio haitayafikisha kwa mkulima. Baraza la Habari Tanzania linaweza kuyaandika kuwa mwongozo wa lazima wa maadili bila kusubiri Bunge. Kila chumba cha habari kinaweza kuyabandika ukutani juma hili. Na vyuo vya uandishi vinavyofundisha vijana kuandika habari za mahakama na za michezo viwafundishe pia kugawa kwa kigawanyo sahihi.

Nawe msomaji, uwe Ndalambo, Tunduma au Dar es Salaam, ukisikia tena kwamba asilimia fulani ya Watanzania wamesema jambo, uliza: ni watu wangapi, wa wapi, walioulizwa nini, lini, na kwa fedha za nani? Habari isiyojibu maswali hayo haijastahili kubadili kura yako, wala kukugombanisha na jirani yako.